Hesabu za Kolwezi

Mbeya tunaijua shaba kwa kuiona mgongoni mwa malori. Tangu nikiwa msichana wa shule nimeyatazama yakitoka Tunduma, yakipita Vwawa na Mbalizi, yakipita Iwambi kwa tahadhari, kisha yakishika njia ya Uyole na safari ndefu ya Dar es Salaam. Mzigo wake ni mabamba yenye rangi ya tofali, yamepangwa kwa unadhifu na kufungwa kwa mikanda ya chuma. Mdogo wangu ameendesha lori la namna hiyo kwa miaka 19. Akipita nyumbani kunywa chai, huegesha mbele ya duka la jirani, akaonyesha mzigo kwa kidole na kuniambia, "Dada, hiyo ni Kolwezi hiyo."

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi. Mwishoni mwa mwaka 2019 nilisoma habari ya mtawa Mkenya, Sista Catherine Mutindi, aliyepewa Tuzo ya Opus nchini Marekani, pamoja na dola milioni moja kwa ajili ya kazi yake. Kazi yenyewe ilikuwa kuwatoa watoto kwenye machimbo ya Kolwezi na kuwapeleka darasani. Nilikata ukurasa ule, nikaubandika ndani ya jalada la daftari langu la maandalio ya somo. Kila nilipolifungua niliona neno Kolwezi, na swali moja la hesabu likanirudia: mtoto akiacha kuchimba, fedha aliyokuwa akiileta nyumbani inazibwa na nini? Kwa miaka 20 ya kufundisha nimewapoteza wanafunzi wengi kwa kutolijibu swali hilo. Mmoja anaenda kuuza karanga stendi, mwingine anachunga ng'ombe wa watu, nami ninabaki na jina lake kwenye rejista.

Basi, miaka michache baadaye, likizo ya Juni ilipofika, nikachukua akiba yangu, hati ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, nikapanda basi la Tunduma. Nilikuwa sijawahi kuvuka mpaka wowote.

Zambia niliipita kama mtu anayepita kwenye ua wa jirani: Nakonde, Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, usiku na mchana, mpaka miji ya shaba ya Kitwe na Chingola. Safari yangu ilianza hasa Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Kongo, pale foleni ya malori ilipokuwa ndefu kiasi kwamba madereva walikuwa wanapika ugali chini ya trela. Nilisikia Kiswahili cha nyumbani kwenye majiko yale. Nilipovuka geti nikasikia kingine.

"Mama, uko na kitambulisho?" kijana aliniuliza. Nikamjibu kwa Kiswahili changu cha darasani, akatabasamu, akamgeukia mwenzake. "Huyu anasema Kiswahili bora."

Kiswahili bora ndivyo wanavyokiita chetu. Chao kina "batoto" kwa watoto, "beko" kwa wapo, "bukari" kwa ugali. Kuna neno moja lililonishika toka siku ya kwanza. Watu wa Lubumbashi na Kolwezi wakisema mtoto yuko shuleni, husema "eko ku masomo". Kwetu masomo ni kile mtoto anachokipata. Kwao ni mahali pia, pana mlango na paa, na mtoto anaweza kufika pale au asifike.

Lugha hii ilifika huku kwa njia mbili. Ya kwanza ni misafara ya karne ya 19. Msiri, mtu kutoka Unyamwezi, upande wetu wa Tanzania, alikuja kufuata shaba, akajenga mji wake Bunkeya, ambao leo umo ndani ya mkoa wa Lualaba, na akatawala mpaka alipouawa Desemba 1891 na msafara uliokuja kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Njia ya pili ni kambi za wafanyakazi wa migodi, ambako watu wa makabila mengi walihitaji lugha moja. Wazungu wakakiita Kiswahili cha mashariki ya Kongo Kingwana, kutokana na wangwana, watu huru waliotembea na misafara. Nilipolisikia jina hilo nilikumbuka methali ambayo sote tunaimba bila kuipima: uungwana ni vitendo. Nilikuwa naelekea kwenye mji wa kuipima.

Lubumbashi mpaka Kolwezi ni kilomita kama 300. Nilikaa dirishani. Juni ni kiangazi huko, asubuhi baridi inang'ata, na vumbi jekundu limeshika majani ya miti yote ya kando ya barabara. Kila mara basi lilisimama kwenye peaji, kizuizi cha kulipia barabara, na akina mama wakatukimbilia na mayai ya kuchemsha, ndizi na mahindi. Tulipita Likasi, mji ambao jirani yake ni Shinkolobwe, mgodi uliotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima la mwaka 1945. Mzee aliyeketi pembeni yangu alinionyesha upande ulipo kwa kidevu tu, kama watu wanavyoonyesha makaburi.

Baada ya Likasi nilianza kuona vilima visivyo na miti kileleni. Kuzunguka pande zote ni msitu wa miombo, lakini juu yake ni majani mafupi tu. Mzee akanieleza: udongo wenye shaba nyingi huua miti, na mimea michache tu ndiyo inayostahimili. Babu zake walijua mahali pa kuchimba kwa kutazama ua moja dogo linalopenda udongo wa shaba. Waliiyeyusha wakaimimina kwenye kalibu, ikatoka misalaba ambayo ilikuwa fedha kamili, ya kununulia bidhaa na kulipia mahari, karne nyingi kabla ya kampuni yoyote. Ndiyo maana jimbo hili zima liliitwa Shaba tangu mwaka 1971 hadi 1997, kwa neno letu la Kiswahili, kabla ya kurudishiwa jina la Katanga, na kugawanywa mwaka 2015 kuwa mikoa minne.

Tulipita Fungurume, ambako milima imekatwa ngazi kwa ngazi. Kisha, karibu na mwisho wa safari, basi likapunguza mwendo juu ya daraja, na abiria wakasema jina moja kwa pamoja: Lualaba. Maji yalikuwa ya kijani, yametulia. Mto huu ndio unaogeuka kuwa Mto Kongo huko kaskazini. Nilifungua dirisha nikanusa maji. Dakika kumi baadaye pua ikajaa vumbi tena.

Kolwezi ni mji uliojengwa pembeni ya shimo, kisha shimo likaukaribia mji. Wabelgiji waliuanzisha mwaka 1937 kwa ajili ya kampuni ya Union Minière. Barabara za zamani ni pana, zina miti iliyopandwa kwa mstari. Nyuma ya miti inaonekana milima yenye vichwa bapa, na ukiuliza utaambiwa kwamba ni kifusi cha mgodi. Malori hayakomi. Pikipiki, ambazo hapa wanaziita moto, zinapenya katikati yake zikibeba watu wawili watatu na gunia.

Nilifikia nyumbani kwa familia ambayo mdogo wangu huwa anapanga chumba kwao gari likimharibikia. Mwenye nyumba ni mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya chini. Nitamwita Mama, kama kila mtu mtaani anavyomwita. Alinipokea mizigo yote miwili mwenyewe.

"Karibu, Yaya. Safari ilikuwa muzuri?"

Yaya ni dada mkubwa au kaka mkubwa. Alikuwa amenizidi umri kwa miaka mingi, nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyepaswa kumwita hivyo. Akasema mgeni aliyevuka nchi nzima ya Zambia ili aje kuangalia watoto ni mkubwa. Usiku huo tulikula bukari, sombe, yaani kisamvu, na samaki wadogo wakavu, na mumewe, Papa, akanisimulia jinsi masomo yalivyokufa.

Papa alizaliwa kambini. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, naye akawa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi migodi hiyo mwaka 1967. Kampuni ilijenga nyumba, hospitali na shule. Mtoto alizaliwa katika zahanati ya kampuni, akasoma kwa daftari la kampuni, akala unga wa posho ya kampuni. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, hapa Kolwezi, uliporomoka. Mashine zikachakaa bila vipuri, fedha ikaliwa, vita vikaja, na baada ya miaka michache uzalishaji ulikuwa haufiki hata sehemu ya kumi ya ule wa zamani. Mishahara ikakatika kwa miezi na miezi. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 walilipwa kiinua mgongo na kuondoka, Papa akiwa mmoja wao.

"Kampuni ilipoanguka, haikuanguka yenyewe tu," Papa alisema. "Ilianguka na masomo yetu."

Serikali ilikuwa hailipi walimu ipasavyo, na wazazi ndio waliobeba mishahara yao kwa michango. Ada ya shule huku inaitwa minervali. Mtoto asiyeleta minervali alirudishwa nyumbani mbele ya wenzake. Katiba ya mwaka 2006 ilitamka kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure, lakini ubure huo ulianza kutekelezwa nchi nzima Septemba 2019. Katikati ya miaka hiyo kizazi kizima cha watoto wa Kolwezi kilihesabu kwa namna nyingine: ardhini, chini ya nyumba zao, kulikuwa na kitu kinacholipa siku hiyohiyo.

Asubuhi yake Papa alinipeleka kuona kitu hicho kinavyolipa. Tulisimama kando ya barabara, mbele ya kibanda cha turubai chenye mzani. Hiyo ni depo, mahali ambapo wachimbaji, wanaoitwa kwa Kifaransa creuseurs, huuza mawe yao. Gunia likafunguliwa. Nilitarajia jiwe la kung'aa, nikaona mawe meusi yanayopaka mikono kama masizi, mengine yana michirizi ya kijani. Jeusi ni kobalti, kijani ni shaba. Kobalti hii ndiyo inayoingia kwenye betri za simu na za magari ya umeme, na karibu asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka katika nchi hii.

Mnunuzi alichukua kiasi kidogo cha unga wa mawe, akakiweka mbele ya kifaa kinachofanana na bastola ya plastiki. Wote wanakiita Metorex. Kikatoa mlio, kikaonyesha namba. Juu ya kichwa cha mnunuzi palikuwa na ubao uliochorwa nguzo mbili kwa kalamu ya wino mzito: upande mmoja asilimia, upande wa pili bei ya kilo moja kwa faranga. Asilimia moja bei ndogo, mbili bei inapanda, tatu inapanda zaidi. Wachimbaji watano walikuwa wameinua macho kwenye ubao ule kama wanafunzi wangu wanavyoutazama wa kwangu.

Pembeni yao alisimama mvulana wa miaka kama 11, na kiroba cha kilo chache begani. Sheria ya madini ya Kongo inakataza watoto machimboni, na sheria ya kulinda mtoto ya mwaka 2009 inasema hivyohivyo. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini mwa Kongo. Wengi hawashuki mashimoni. Wanaokota mabaki juu ya vifusi, wanaosha, wanapepeta, wanabeba. Mvulana yule alipoambiwa namba yake alitikisa midomo, akatoa jibu la faranga kabla mnunuzi hajabonyeza kikokotoo. Akapunjwa kidogo, akalisema, akanyamazishwa. Alipokea noti zake, akazikunja mara nne, akaziweka ndani ya kiatu.

Nimefundisha asilimia kwa miaka 20. Watoto wangu wengi hukwama pale. Huyu hakuwa amekanyaga darasa la tano, na asilimia ilikuwa mkate wake. Nilirudi nyumbani kwa miguu na sikuweza kuzungumza.

Ndipo nilipoielewa vizuri kazi ya Sista Catherine. Yeye ni wa shirika la Masista wa Mchungaji Mwema, lililoanzishwa Angers, Ufaransa, mwaka 1835 na Maria Eufrasia Pelletier. Shirika hilo lilipoanza, mmoja wa waliolishika mkono alikuwa Geneviève d'Andigné, mwanamke wa ukoo wa makabaila, aliyetoa mali yake ili nyumba za masista zijengwe. Ulaya ya karne ile ilikuwa na wanawake wengine kama yeye, mabinti wa makabaila waliogeuza utajiri wa koo zao kuwa madarasa ya watoto wa wakulima. Wengi wao walikuwa na mashamba ya kuuza na dhahabu ya kuweka rehani.

Sista Catherine alifika Kolwezi mwaka 2012, na hakuwa na shamba la kuuza. Kazi aliyoianzisha pamoja na wenzake inaitwa Bon Pasteur, yaani Mchungaji Mwema. Walianza kwa kukaa na watu na kuwasikiliza. Kwa yale waliyoyasikia, darasa peke yake lisingetosha, kwa sababu kiroba cha mtoto kilikuwa kimeingia kwenye bajeti ya chakula cha nyumbani. Ukimtoa yeye bila kuziba pengo lake, wiki ya pili atarudi kwenye kifusi, na mama yake ndiye atakayemwamsha. Kwa hiyo Bon Pasteur ikafanya mambo kwa pamoja: masomo na ulinzi kwa watoto, ufundi na mitaji kwa wanawake, kilimo kwa familia, na elimu ya haki kwa mitaa ili watu waweze kusimama mbele ya kampuni na serikali. Kwa njia hiyo maelfu ya watoto wameacha machimbo. Lile swali lililokaa kwenye jalada la daftari langu, mtawa huyu alikuwa amelikokotoa mpaka mwisho: mtoto wa kumwingiza darasani, mlango wake ni mfuko wa mama yake.

Sikwenda kubisha mlangoni kwake. Kazi ya mtu aliyeijenga kwa ajili ya watoto haihitaji mgeni wa kupiga picha. Niliitafuta mitaani, kwenye midomo ya watu. Mama muuza mboga aliniambia, "Masista banajua: mutoto mwenye njala hasikie masomo, njo vile." Alisema neno hilo huku akifunga lengalenga kwenye mafungu, kama anasema bei.

Jioni nilimuuliza Papa kama watu wa huku wana jina la mwanamke wa heshima kama huyo. Papa ni Mlunda. Mkoa huu ndio wenye Musumba, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Akanisimulia habari za Ruwej, binti mfalme ambaye baba yake alimwachia lukano, bangili ya enzi, akawapita kaka zake. Ruwej alimvika mumewe, mwindaji Chibinda Ilunga kutoka kwa Waluba, na ukoo wa wafalme ukatokea hapo. "Bangili ilipita kwenye mkono wa mwanamke," Papa alisema. "Hakuna mfalme wetu aliyeipata kwa njia nyingine." Nikafikiri juu ya wanawake wote ambao enzi ya wengine imepita mikononi mwao: Ruwej na bangili, Geneviève na hati za mashamba, mtawa wa Kenya na orodha ya majina ya watoto.

Mama alikuwa na kijana wake wa mwisho, wa miaka 12. Sikujua habari zake mpaka siku ya nne, mama yake aliponialika nimsindikize masomoni. Anasoma katika kituo cha wale waliochelewa, ambako mtaala wa miaka sita ya shule ya msingi unafundishwa kwa miaka mitatu. Darasa lilikuwa na watoto karibu 50, wengine wana ndevu za kwanza. Mwalimu wao, kijana mwembamba wanayemwita Metre, alinipa chaki bila hata kuniuliza. "Mama Mwalimu, tufundishie hesabu."

Niliandika ubaoni: gunia la kilo 50 lina asilimia 3 ya kobalti. Kobalti ni kilo ngapi?

Kabla sijaweka alama ya kuuliza, mkono wa mtoto wa Mama ulikuwa juu. "Moja na nusu." Wengine wakaitikia wote kwa pamoja, kwa uhakika wa watu wanaotaja siku ya leo. Nikamwita aje aandike. Akashika chaki kwa ngumi nzima, kama mtu anavyoshika patasi. Akaandika 1, vizuri, kisha mkono ukasimama hewani. Nusu aliijua kwa uzito wake begani na kwa bei yake kwenye depo. Mahali pake ubaoni hakupajua. Nikamwonyesha, nikaweka nukta kama tufanyavyo Tanzania, nikaandika 5.

Mtoto wa kike wa mbele akainua mkono. "Mama Mwalimu, Metre anaandikaka virgule." Huku desimali hutengwa kwa mkato, kwa kufuata Kifaransa. Nikafuta nukta. Mvulana akachukua chaki, akaweka mkato mwenyewe, akaukoleza mara mbili. 1,5. Akarudi nyuma hatua moja, akautazama kwa muda mrefu. Darasa zima lilikaa kimya, na Metre hakuwaharakisha.

Usiku ule, kijana amelala, Mama alitoa daftari la kurasa 48 kutoka chini ya godoro. Alitaka mwalimu wa hesabu alikague.

Kila ukurasa ulikuwa na mstari katikati. Upande wa kushoto aliandika Carrière, yaani machimbo. Upande wa kulia aliandika Mikate, na mikate huku ni kama maandazi yetu madogo ya mviringo. Kwa miezi mingi kijana wake alikuwa akienda kwenye vifusi na wenzake, akileta kama faranga 20,000 kwa wiki. Mama aliziandika zote, kila siku ya juma kwa jina lake la Kifaransa. Alikuwa ameamua kwamba siku upande wa kulia utakapolingana na wa kushoto, mtoto hatakwenda tena. Wiki ya kwanza mikate ilileta 8,000. Kuni zilikula faida, akahamia kwenye makaa. Akaongeza unga, akaanza kuuza alfajiri kwa madereva. 11,000. 13,500. Wiki moja aliugua, upande wa kulia ukabaki mtupu, na wa kushoto ukajaa kuliko siku zote. Ukurasa huo aliupita haraka.

Kisha zamu yake ya likelemba ikafika. Likelemba ni upatu wetu: wanawake kumi na wawili wa mtaa wanachanga kila wiki, na kila wiki mmoja anabeba chungu chote. Mama alinunua karai la pili na gunia zima la unga. Wiki tatu baadaye, upande wa kulia ukasoma 21,500.

Chini ya namba hiyo palikuwa na mstari uliochorwa kwa rula, kutoka ukingo hadi ukingo. Chini ya mstari, neno moja: Lundi. Ni Jumatatu. Kutoka ukurasa ule hadi mwisho, upande wa kushoto hauna kitu.

"Iko sawa?" aliniuliza.

Nilikagua kujumlisha kwake kote, ukurasa kwa ukurasa, kwa kalamu yangu nyekundu, kwa sababu ndivyo alivyoniomba na hesabu yake ilistahili kukaguliwa kwa haki. Palikuwa na kosa moja la faranga 500, alilojipunja mwenyewe. Nikaandika alama ya vema mwishoni, nikatia sahihi na tarehe.

Uungwana, jinsi nilivyouona kule, unahitaji mtu anayekaa chini na kuhesabu gharama ya mtoto mmoja kusoma, kisha akakubali kuilipa. Makabaila walilipa kwa mashamba. Sista Catherine amelipa kwa miaka yake, na ile milioni ya tuzo ilimkuta tayari yuko kazini. Mama amelipa kwa usingizi wa alfajiri. Kila mmoja alianza na swali la kiasi gani, na hakuna aliyemwachia mtoto alibebe jibu peke yake. Nimerudi Mbeya na deni: majina ya wanafunzi walioacha shule yamo kwenye rejista yangu, na kila jina lina mama ambaye sijawahi kukaa naye na daftari.

Siku ya kuondoka niliamka saa kumi usiku. Mama alikuwa tayari yuko jikoni, makarai mawili motoni, mafuta yanachemka. Aliokota mikate kumi ya moto, akaifunga kwenye karatasi, akaniwekea kwenye mkoba. Nilitoa noti. Akaurudisha mkono wangu kwa mikono yake miwili, na unga ukabaki kwenye ngozi yangu.

"Ya njiani, Yaya."

Kisha akafuta vidole kwenye kitenge, akafungua daftari kwa mwanga wa moto, na upande wa kulia, chini ya tarehe ya siku ile, akaandika: mikate 10, Mwalimu.